Hizo Tano Ndiwe

Amekuja Konde siku za maji mafu,
mwani haufikiki, kamba zimelala.
Kaiweka simu mezani pangu
baina ya bisibisi na kisahani cha skrubu,
akasema: "Hii yanikataa.
Mjukuu akiigusa, yamwitikia.
Mie nabonyeza hadi ukucha waniuma,
imeninyamazia kama mke mwenza."

Nikaijaribu. Nzima. Kioo hakina ufa.
Nikamwomba mkono.
Kidole gumba cha Bi Mize binti Faki:
miaka ishirini na sita ya kufunga mwani,
chumvi imeingia, jua likaifuata,
sugu juu ya sugu, mistari imefutika.
Hata kule kwenye vitambulisho, alisema,
mashine ilimkana mbele za watu.

Nikamvutia stuli.
"Humu ndani mna chipu, haifiki punje ya mbaazi.
Mwite karani. Kazi yake kuhesabu tu.
Haoni. Wala hajui kubonyezwa ni nini,
kwa hiyo ukucha wako usiutese.
Chukulia anakinga maji ya bomba:
chini ya kioo zimepangwa ndoo zisizoonekana,
anazijaza umeme, anamwaga, anajaza tena,
mara nyingi kabla hujapepesa jicho.
Ndoo ikiwa peke yake hujaa kwa hesabu ya arobaini.
Kidole kikisogea, ndoo hupanuka,
maana mwili nao ni maji ya chumvi,
huuvuta umeme kidogo, kioo kikiwa kati.
Ndoo ile ile sasa hujaa kwa arobaini na tano.
Hizo tano, Bi Mize, ndiwe wewe."

"Tano tu?"

"Tano. Na kwa sugu hii hazizidi mbili.
Naye kaambiwa, chini ya tatu asishughulike:
ni unyevu, ni vumbi, ni kelele za chaja mbovu."

"Na mkono ukiwa majimaji?"

"Hapo ndoo zote hupanuka kwa pamoja,
karani huchanganyikiwa, akawapigia watu usiowataka."

"Kweli. Juzi ilimpigia sheha, usiku."

Nikamwambia karani huyu ana ndugu wengi.
Mmoja nimembandika mwenyewe, mwezi wa Shaaban,
ubavuni mwa tangi la msikiti,
vipande viwili vya shaba nje ya plastiki:
anajua maji yamefika wapi
na hajalowa hata siku moja.
Akakumbuka mwanawe Raya, yuko Unguja hotelini,
anatandika vitanda vyenye taa zisizo na swichi,
ukiipapasa shingo inawaka;
na jikoni kwao, asema, kuna jiko la kioo
halina kitufe, mpishi aandika moto kwa kidole.

"Lakini ana ila," nikasema.
"Ukiuweka mkono usiuondoe
atakuhesabu kitambo,
kisha atajiambia: basi,
arobaini na tano ndiyo hali ya dunia.
Anaanzia hapo kuhesabu.
Upo, na kwake hupo.
Siku ukiuondoa ndipo ashtuke."

Akakaa kimya.
Nje honda ikapita na mtungi wa gesi.
"Huyo namjua," akasema.
"Nimeishi naye Tumbe miaka thelathini."
Akacheka peke yake, mimi nikatazama skrubu.

Nikaingia kwenye mipangilio,
nikamtuliza karani: kuanzia leo
mbili zinatosha, mbili ni mtu.
Nikamwonesha alaze kidole ubavu, palipo laini.
Kioo kikawaka.
Picha ya Raya, na sare yake, ikajitokeza
akaisukuma kushoto, akairudisha, akaikuza
mpaka likabaki jicho moja.

Kila mara alikigusa kioo, akakiachia haraka,
kama anayeonja mchuzi wa moto.
Nikamwambia sasa haina haja, utulie.

"Naondoa mapema," akasema,
"isije ikanizoea."